Chui wa Unguja: aliyemwona anaogopa kusema, mwenye ofisi anataka picha

#1 Mpita Maweni

Assalaam aleikum wakuu. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Jambo hili nimekaa nalo tangu 2016 na sijawahi kuliandika popote.

Mimi mtu wa kusini Unguja, ule ukanda wa maweni wa Muyuni kwenda Makunduchi. Kwa asiyepajua: huko unakanyaga jiwe la matumbawe lenye meno, na udongo umo kwenye vishimo tu, mahali kiasi cha kiganja, mahali kiasi cha ungo. Humo ndimo watu wanamopanda mtama, mbaazi na mihogo yao. Kichaka chake ukiingia hatua ishirini, aliyebaki njiani hakuoni tena.

Ilikuwa mwezi wa kumi, vuli imeanza kunyunyiza. Mimi na ami yangu tulikuwa tunakwenda kondeni, hakujapambazuka vizuri. Nilitangulia, ami yuko nyuma anafunga kamba ya baiskeli. Mbele yangu, kiasi cha urefu wa daladala mbili, juu ya jiwe amekaa mnyama. Rangi ya mchanga uliolowa. Madoa madogo madogo yaliyosongamana, si yale maua makubwa ya chui tunaowaona kwenye kalenda za Serengeti. Mkia umening'inia kando ya jiwe, mzito kama kamba ya nanga, umetulia wote isipokuwa ncha. Ncha ndiyo iliyokuwa inacheza. Akanigeukia, akaniangalia, akashuka upande wa pili. Hakukimbia, na sikusikia hata jani.

Paka nawajua. Kanu namjua, fungo namjua, wote nimewakuta usiku tangu utotoni. Yule hakuwa mmoja wao.

Nikazunguka lile jiwe. Kwenye kishimo cha udongo mbichi kulikuwa na unyayo mmoja, mzima, kama umepigwa muhuri: vidole vinne, kisigino kipana, hakuna alama ya kucha. Nikauwekea kiganja juu, ukanijaa kiganja kizima, vidole tu ndivyo vilivyobaki nje. Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nikaokota kifuu nikaufunika usiharibiwe na mvua, nikamwambia ami nakimbilia simu.

Ami akaja, akafunua kifuu, akautazama muda mrefu. Kisha akaupangusa kwa mguu mpaka ukapotea. Akaniambia, "Usituletee maneno. Ukisema umemwona, wataanza kuuliza ni wa nani."

Nawaomba mlishike hilo, "ni wa nani". Ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Baada ya wiki mbili nilikwenda ofisi moja inayohusika na mambo haya. Afisa alinisikiliza kidogo, akasema chui hawapo tena kisiwani, nikipata picha nirudi. Hakuandika jina la mahali wala tarehe. Simlaumu kwa kutoamini. Namlaumu kwa kutoandika.

Tangu hapo nimesoma kila ninachokipata. Chui wetu anajulikana kwa wataalamu tangu 1932, Reginald Pocock wa Uingereza alipomweleza na kumpa jina la Panthera pardus adersi, kwa heshima ya Dk. Aders aliyekuwa mtaalamu wa viumbe katika serikali ya Zanzibar. Huyo huyo Aders ndiye ambaye paa nunga wetu anabeba jina lake kwa Kizungu. Wanaeleza kwamba bahari ilipopanda mwisho wa zama za barafu, Unguja ikakatika na bara, chui wakabaki humu ndani, wakapungua umbo na madoa yakasagika yakawa madogo. Baadaye wataalamu waliwakusanya chui wote wa Afrika chini ya jina moja, lakini sisi tunajua alikuwa wa peke yake. Nilikwenda kumtazama yule aliyejazwa wa makumbusho ya Mnazi Mmoja. Amepauka, mishono inaonekana, lakini yale madoa niliyatambua kabla sijafika karibu.

Nani mwengine amemwona, au mzee wake amemwona? Na kama mlinyamaza, mlinyamaza kwa nini?

#2 Mdau wa Pangani

Mkuu mleta uzi, umeandika kama mtu aliyeona kitu kweli na siwezi kukuita muongo. Ila naomba niseme upande wa pili, maana mambo haya yakisemwa upande mmoja hayafiki popote.

Kisiwa chenu ni kama kilomita 1,600 za mraba. Sensa ya 2022 imehesabu Wazanzibari karibu milioni 1.9, na wengi wao wako Unguja. Msitu umebaki vipande. Chui anakula, anakunya, anazaa, anakufa. Magari ya watalii yanapita barabara ya Paje usiku na mchana. Mbona hakuna mzoga hata mmoja kando ya lami?

Halafu wametafutwa. Kamera za mtego, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, ziliwekwa msitu wa Jozani, matokeo yakachapishwa 2003. Walipata picha ya kanu wa aina ambayo wataalamu walikuwa wameieleza 1998 tu, yaani kamera zilikuwa zinafanya kazi mpaka zikanasa mnyama adimu namna hiyo. Chui hakupita. Na wapo wageni waliokuja wakaambiwa kuna wafuga chui, walipe waoneshwe. Wakalipa, wakazungushwa, hawakuona kitu.

Unyayo usio na kucha, alfajiri, mtu ameshtuka... Mbwa mkubwa akikanyaga jiwe na udongo nusu kwa nusu, kucha hazionekani. Ulipima?

#3 Bint Bumbwini

Sisi tunaokwenda kuni tunamsikia. Hatumwoni. Mama yangu alikuwa akisikia ile sauti anatuambia tuimbe kwa sauti kubwa na turudi na mizigo yetu nusu. Mdau wa Pangani, wewe unauliza mzoga, mimi nakuuliza: mwanamke aliye kichakani peke yake saa kumi na moja, akisikia sauti ile, aende kupiga picha?

#4 Mdau wa Pangani

Dada yangu, sina maana hiyo, samahani. Lakini sauti ndiyo inayodanganya kuliko macho. Perere akianza kulia juu ya mti usiku, mtu mgeni anaapa kuna mtu anachinjwa. Hiyo sauti ya mama ilikuwaje?

#5 Mtoto wa Msasi

Naomba niijibu hiyo ya sauti, kwa sababu nimekulia ndani yake.

Marehemu baba alikuwa katika Wasasi wa Kitaifa. Vijana wa leo hawawajui: walikuwa wanasaka kwa nyavu, mbwa na bunduki, kazi yao kuua wanyama walioharibu mazao na mifugo. Nguruwe mwitu, kima, na chui alikuwa kwenye orodha hiyo hiyo ya wanyama waharibifu. Baba alikuwa akituigizia. Perere anapandisha, anaanza chini anakwenda juu mpaka anapiga ukelele. Chui hapandishi. Chui ni msumeno wa fundi anayepasua ubao mgumu: krr-haa, krr-haa, krr-haa, kiasi kile kile, halafu kimya. Mwenye kuisikia mara moja haichanganyi na perere. Bint Bumbwini aseme kama ndiyo hiyo.

Wazee walikuwa na majina mawili, chui konge na chui kisutu, wakiwatenganisha kwa ukubwa na tabia zao. Kama kweli ni aina mbili au ni dume na jike, au mkubwa na kijana, baba hakuwa na hakika na mimi siwezi kumzidi. Alichokuwa na hakika nacho ni mbwa. Akisema mbwa wa msasi anamkimbilia nguruwe hata akiwa mara tatu ya ukubwa wake, lakini wakifika penye harufu ya chui wanarudi kukaa baina ya miguu ya mtu, manyoya ya mgongo yamesimama, hawabweki.

Na hili nalisema kwa wote wanaosema chui waliisha zamani sana: kumbukumbu za serikali zenyewe zinaonesha wasasi wakiandika chui waliouawa mpaka katikati ya miaka ya 1990. Miaka thelathini tu iliyopita. Mimi nilikuwa skuli.

Kuhusu mzoga, Mdau, zamani msasi alikuwa anauleta mzoga mbele ya watu, ni ushahidi wa kazi yake. Leo mtu akimkuta amenasa kwenye mtego wa paa, mzoga anauchimbia. Anaogopa sheria ya wanyama, na anaogopa zaidi alichosema ami yake mleta uzi.

#6 Bint Bumbwini

Ndiyo hiyo. Msumeno. Nimesoma nikasisimka mwili.

#7 Mswahili wa Connecticut

Natokea Ng'ambo ya mjini Unguja, nipo Marekani mwaka wa kumi na nne sasa, jimbo la Connecticut. Uzi huu umenishika kwa sababu huku kuna kesi inayofanana na hii, na yenyewe imekwisha kutolewa hukumu.

Mnyama wa huku ni puma. Paka mkubwa, rangi moja ya hudhurungi, hana madoa, mkia mrefu. Upande wa mashariki wa nchi hii waliuawa mpaka wakahesabiwa wamekwisha, na wa mwisho anayekubalika aliuawa jimbo la Maine mwaka 1938. Lakini watu hawakuacha kumwona. Mkulima amemwona, mama anayepeleka watoto skuli amemwona, polisi wa doria amemwona. Majibu ya maofisa yalikuwa ya namna mbili. Ama umeona mbwa, au yule paka mwitu wa huku mwenye mkia mfupi. Ama, kama ni puma kweli, basi ni wa mtu, ametoroka.

Angalieni hapo. Na huku pia swali ni "wa nani".

Machi 2011 idara ya serikali kuu inayosimamia wanyamapori ilitoa uamuzi kwamba puma wa mashariki ametoweka. Miezi mitatu tu baadaye, mwanzoni mwa Juni, watu wa mji wa Greenwich wakasema wamemwona puma. Wakuu wakajibu kwamba huenda ni wa kufugwa. Usiku wa tarehe 11 Juni akagongwa na gari pale Milford, barabara ya Wilbur Cross. Barabara hiyo napita nikitoka kazini, na kila nikifika hapo napunguza mwendo, ingawa hakuna kibao wala alama yoyote.

Alikuwa dume, kilo kama 64. Wakamkagua: kucha zote anazo, hajahasiwa, hana kile kidude wanachowatia wanyama wa kufugwa chini ya ngozi. Wakapima vinasaba. Vikasema ametoka Black Hills, South Dakota. Na hapa ndipo ninapotaka wakuu msome polepole: vinasaba hivyo hivyo vilikuwa vimekwisha kuonekana Minnesota na Wisconsin mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, na tena kwenye manyoya yaliyookotwa Lake George, New York. Yaani yule mnyama alitembea zaidi ya kilomita 2,400, na tunaijua njia yake kwa sababu huku nyuma kuna watu waliokuta kinyesi, wakakuta unywele kwenye theluji, wakauchukua, wakautia kwenye bahasha, wakaandika tarehe. Hawakujua utamfaa nani.

Kule Michigan nako watu walibishana na idara yao kwa miaka. Kuanzia 2008 idara ikaanza kuthibitisha mmoja mmoja, na Machi 2025 ikathibitisha picha ya vitoto viwili vya puma, upande wa kaskazini wa jimbo, vya kwanza kwa zaidi ya miaka 100. Mwenye kusema "nimeona" miaka yote ile hakuwa mwendawazimu.

#8 Mdau wa Pangani

Mswahili wa Connecticut, ahsante, hii sikuijua na imenipunguzia ubishi. Lakini huoni tofauti iliyopo? Puma alitembea kwa miguu yake kutoka kwa wenzake walio hai. Chui wa bara hawezi kutembea kuja Unguja. Kuna mkondo wa bahari wa kama kilomita 30. Kwa hiyo kama mleta uzi aliona chui 2016, hakuwa mpita njia. Ana mama, ana baba, mama yake naye alikuwa na wazazi, wote wamezaliwa katika maweni yale yale baada ya wasasi kuacha kazi. Unazungumzia ukoo mzima uliojificha. Hilo ni dai kubwa kuliko la puma mmoja, na linataka ushahidi mkubwa kuliko wa puma mmoja.

Na mifano ya kinyume ipo. Uingereza, 1995, serikali yao ilichunguza habari za paka wakubwa wa Bodmin, ikasema haikupata ushahidi. Siku chache baadaye kijana mmoja akaokota fuvu mtoni. Fuvu la chui kweli kweli! Likapelekwa makumbusho ya London, wakalichunguza ndani wakakuta kifuko cha mayai ya mende wa nchi za joto. Lilikuwa limekuja na zulia la ngozi ya chui kutoka nje. Kwa hiyo hata fuvu mkononi si mwisho wa maneno, lazima liulizwe limetoka wapi.

Hata ile ya 2018 naichukua hivyo hivyo. Forrest Galante alikuja na watu wake wa televisheni ya Marekani, kamera yao ya mtego ikanasa mnyama usiku, na ukimtazama ni chui. Nakubali ni chui. Lakini picha chache za usiku hazikutuambia ni wa ukoo gani, wangapi, wanazaa au hawazai. Mpaka leo tumebaki na picha hiyo na ubishi ule ule.

#9 Mpita Maweni

Mdau, umesema kweli na hilo la ukoo mzima ndilo linaloninyima usingizi mimi mwenyewe. Kama ni ukoo, basi ni ukoo mdogo sana, na kila mwaka tunaobishana unaweza kuwa wa mwisho wao. Nakujibu na lile la kupima: sikupima kwa rula. Nilipima kwa kiganja, na kiganja changu bado ninacho, ni sentimita nane na nusu. Kanu hafiki hata nusu ya hapo.

#10 Mjukuu wa Dunga

Nimesoma tangu mwanzo nikasita kuandika. Sasa naandika, kwa kuwa hakuna aliyeeleza vizuri ule uoga, na asiyeujua hatawaelewa watu wa shamba.

Unguja chui hakuwa mnyama tu. Watu waliamini, na wengi wanaamini mpaka leo, kwamba kuna chui wa msitu na kuna chui wa mtu. Chui wa mtu amefugwa, analishwa, anatumwa. Akikuchukulia mbuzi wako, swali la kwanza si boma lilikuwa bovu wapi. Swali ni nani una ugomvi naye. Ndiyo maana ya wafuga chui.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 akatokea mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Alikwenda kijiji kwa kijiji, na kazi yake ilikuwa mbili kwa pamoja, kuwatoa wachawi na kuwamaliza chui. Watu walimfuata kwa moyo wote, kwa sababu walikuwa wamechoka kuishi na hofu. Chui waliuawa wengi katika miaka ile.

Babu yangu mzaa mama aliishi pembezoni mwa kijiji, karibu na msitu, akifuga mbuzi. Kosa lake ni kwamba mbuzi wake hawakuwahi kuchukuliwa. Alikuwa amejenga boma la mawe lenye paa la miti, kazi ya miezi. Lakini watu wakasema, mbona chui anapita kwake bila ya kugusa? Alitajwa. Aliambiwa amtoe chui wake. Alete chui ambaye hana! Bibi alinihadithia kwamba alikaa barazani siku mbili mbele ya watu, anaapa kwa msahafu, na watoto wake wamefungiwa ndani wasione. Mwisho waliondoka, ila sifa ile haikuondoka. Mama yangu alipokuja kuchumbiwa, upande wa mwanamme waliuliza habari ya chui.

Mpaka babu anakufa, jina la mnyama huyo halikutajwa nyumbani. Akisema "yule wa msituni" tulijua.

Sasa mwambie mtu aliyekulia nyumba kama hiyo aende ofisini, aandikishe jina na shehia yake, aseme amemwona chui nyuma ya nyumba.

#11 Kombo wa Uzi

Naweka kambi hapa. Kisiwani kwetu Uzi nako yapo, nitauliza wazee kwanza.

#12 Mdau wa Pangani

Mjukuu wa Dunga, Mungu amrehemu babu yako. Nilikuwa nahesabu ukimya wa watu kama dalili kwamba hakuna kitu. Hilo nalifuta.

#13 Mlinda Nyayo

Salaam. Nimefanya kazi ya kamera za mtego bara kwa miaka kadhaa, Udzungwa na kwengineko. Naomba niingie kwenye vitendo, kwa sababu uzi umeshiba hadithi na hadithi zote zinaishia mahali pamoja: alama ilikuwepo, ikapotea.

Kamera ni nzuri lakini msitegemee kamera peke yake. Maweni hayana njia moja. Jozani ukiweka kamera kwenye njia ya wanyama unajua watapita. Kwenye jiwe lile mnyama ana njia elfu moja. Kukosa picha Jozani, kwenye hifadhi ya kama kilomita 50 za mraba, ni jibu la Jozani, si jibu la Mtende wala Kiwengwa.

Kinyesi kina thamani kuliko picha. Chui anajisafisha kwa ulimi, manyoya yake mwenyewe yanashuka tumboni na kutoka, pamoja na manyoya na mifupa ya alichokula. Ukikiona, usikishike kwa mkono. Kisukume kwa kijiti kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, plastiki inatia unyevu na vinasaba vinaoza. Kianike kivulini. Andika tarehe, mahali, basi.

Mbuzi akiuawa, mtazame kabla hamjamgawana au kumzika. Mbwa wanaparura nyuma, mapaja na tumbo, wanachana ovyo. Chui anabana koo, matundu manne ya meno, nyama nyingine haijaguswa au ameanzia sehemu moja kwa utaratibu. Na mara nyingi amemburura. Fuateni mburuzo, tazameni na juu ya miti.

Unyayo: kisigino cha paka nyuma kina mabonde, kimegawika sehemu tatu. Cha mbwa hakiko hivyo. Weka kitu cha kupimia kando yake, hata sarafu, ndipo upige picha, simu ikiwa imenyooka juu yake. Bora zaidi, umwagie jasi. Ile poda nyeupe ya mafundi wa dari, vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji, koroga iwe kama uji wa mtoto, mimina taratibu kutokea pembeni, subiri nusu saa. Unainua unyayo wenyewe mkononi. Huo hakuna anayeupangusa kwa mguu.

Na jina la mtu halina kazi hapo. Anayechunguza anataka kujua wapi na lini. Nani ameona, wa nani, hayo hayamo kwenye fomu yoyote niliyowahi kujaza.

#14 Kombo wa Uzi

Nimeuliza. Mzee wa kwanza alisema hajui. Wa pili alinyamaza, akauliza nani amenituma. Nitarudi tena baada ya mwezi, bila ya kuuliza chochote, nikae naye tu.

#15 Mpita Maweni

Nilikaa kimya wiki tatu, mniwie radhi. Nilikwenda shamba.

Nilimsomea ami uzi huu wote kwenye simu, barazani, baada ya Ijumaa. Sasa ni mtu mzima, macho yamepungua nguvu. Alisikiliza bila ya kunikatiza. Nilipofika kwa babu wa Mjukuu wa Dunga alinisimamisha, akataka nirudie pale pa baraza na siku mbili. Nikarudia. Akasema yeye alikuwa mtoto mwaka ule, na aliwaona watu wakipita na nyavu na ngoma kuelekea kwa mtu wanayemjua wote, na baba yake akamtia ndani. Alikuwa hajanihadithia hata siku moja.

Kisha akaniuliza, huyo wa bara aliyeandika habari ya bahasha, akija mtu kama huyo, ataandika jina la nani? Nikamjibu kama Mlinda Nyayo alivyosema: wapi na lini. Akauliza mara ya pili, nikamjibu vile vile.

Hakuniomba msamaha kwa ule unyayo na sikutaka aniombe. Jumamosi tulikwenda kondeni pamoja, tukapita penye lile jiwe. Udongo wa kile kishimo upo, umeota majani. Akasimama hapo, akanionesha kwa fimbo upande ambao mnyama angeshukia, na ukilitazama jiwe unaona ana haki, kuna ngazi ya asili pale ambayo mimi miaka yote sikuiona.

Nilikuwa nimechukua kilo mbili za jasi kwa fundi wa dari hapa mjini, nimezifunga katika mifuko miwili ya plastiki isiingie unyevu, na bahasha za karatasi kumi. Tukaitundika kwenye boriti ya kibanda cha kondeni, juu, panya wasifikie, pamoja na kikombe na chupa ya maji.

Jana usiku alinipigia simu. Nilidhani kuna msiba, maana yeye si mtu wa simu usiku. Aliuliza kama ni vikombe viwili vya jasi kwa kimoja cha maji, au viwili vya maji kwa kimoja cha jasi.